Kazi Inayomfaa Mwimbaji

Mtangazaji wa redio alipokuja mashineni kumhoji Mwimbaji, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Naimba."

Kijana alitabasamu kwa adabu. "Hilo tunalijua, mama, ndilo lililotuleta. Nauliza kazi. Kazi inayokuweka mjini."

Umeme ulikuwa umekatika na mashine ya kusaga ilikuwa kimya, kwa hiyo sisi tuliokuwa kwenye foleni na ndoo zetu za mahindi tulisikia kila kitu. Mwimbaji alikuwa ameinama akifagia unga uliomwagika sakafuni. Unga mwingine ulikuwa umemkaa kwenye nyusi na kwenye kilemba. Hakuacha kufagia.

"Inayoniweka mjini ndiyo hii unayoiona," alisema. "Lakini wewe hukuniuliza ninakula nini. Umeniuliza nafanya nini."

Sehemu hiyo haikurushwa hewani. Jumapili iliyofuata tulikaa barazani kwangu na redio, tukasikia kwamba aliyehojiwa ni msagaji wa nafaka ambaye pia ni mwimbaji wa nyimbo za asili. Majirani walipiga vigelegele kwa kusikia mtaa wetu ukitajwa. Yeye alisonya. "Hiyo 'pia' wameiweka pasipo pake," alisema, akanyanyuka kwenda kuanua nguo zake.

Mimi nauza khanga na vitenge katika duka aliloliacha mama yangu, duka ambalo ukuta wake mmoja ndio ukuta wa mashine ile. Sisi ni familia ya Kiislamu, watu wa biashara. Kaka yangu ana lori, wajomba zangu wana maduka. Yeye alikuwa Mfipa wa vijijini, Mkatoliki, aliyekulia kwenye mahindi na ulezi upande wa Mwazye. Alizaliwa lini na kwa nani, wapo ndugu zake watakaoyaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nitasema nilichokiona na kukisikia kwa miaka mingi ya kupakana naye, na nakisema kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wakidai kwamba mama yule alipoteza kipaji chake kwa kukosa kazi ya maana. Hawakumjua. Kazi alizipata nyingi. Nyingine alifukuzwa, nyingine aliziacha mwenyewe, na moja, ile ambayo mji mzima uliona imeumbwa kwa ajili yake, aliikataa mbele ya watu, katikati ya shamba, jua likiwa utosini.

Sumbawanga nzima ilikuwa ikimtafutia kazi. Kila aliyemsikia akiimba alimwonea huruma. "Sauti yote ile," walisema, "kisha inamezwa na mashine!" Padre alimtaka kwenye kwaya. Mwenye hoteli mmoja alimtaka awaimbie wageni wakati wa chakula. Mwalimu wa jirani aliona angefaa kufundisha watoto wa chekechea. Yeye aliwasikiliza wote, akawashukuru, halafu akaja kukaa kwenye benchi nje ya duka langu na kuanza kuzichambua kazi hizo moja moja, kama mteja mgumu anavyochambua vitenge.

Kipimo chake kilikuwa kimoja. Kazi inayomfaa mwimbaji, alisema, ni ile inayochukua mikono na kuuacha mdomo. Kufua ni kazi nzuri. Kupalilia ni nzuri kuliko zote. Kupura ulezi ni kuzuri ila vumbi lake linakaa kooni. Kupika kwenye shule ni kazi nzuri mpaka kuni zikiwa mbichi. Kushona ni kazi mbaya, kwa sababu fundi anashika pini kwa meno; akamwonyesha kidole fundi cherehani wa barazani kwangu, ambaye kweli wakati huo alikuwa na pini mdomoni na hakuweza kujitetea. Ualimu unachosha koo kwa maneno ya watu wengine. Na kuuza duka?

"Hiyo ndiyo mbaya kabisa," aliniambia usoni. "Kutwa unasema na watu usiowapenda. Ikifika jioni huna neno lako mwenyewe lililobaki."

"Mama, mimi nawapenda wateja wangu."

"Yule wa asubuhi aliyekupanulisha khanga zote kisha akaondoka mikono mitupu, unampenda?"

Nilianza kuzikunja upya zile khanga.

Hata hivyo tuliwahi kumjaribu dukani. Mama yangu alikuwa hai bado, akisumbuliwa na miguu, na mimi nilikuwa nimekwenda Mbeya kuchukua mzigo. Mama alimwomba akae naye siku hiyo. Niliporudi nilimkuta mama amejifuta machozi ya kicheko mpaka macho mekundu. Duka lilikuwa limejaa watu tangu asubuhi, alisema, kwa sababu kila kitambaa kilichoshushwa kutoka kwenye rafu, Mwimbaji alikitungia ubeti hapo hapo. Tatizo ni kwamba alikitungia ubeti wa kweli. Khanga inayochuja aliiimba kwamba inachuja. Kitenge chembamba alikiimba kwamba bibi harusi akikivaa mbele ya dirisha, wakwe wataona hadi kovu la ndui.

"Mwanangu," mama aliniambia, "huyu nampenda kama mdogo wangu. Lakini asirudi tena kuuza."

Kabla ya hapo alikuwa mpiga debe stendi. Wanawake wanaoita abiria ni wachache hata leo, na wakati ule alikuwa peke yake. Wenye magari walimchukua kwa sababu sauti yake ilivuka kelele zote za pale bila yeye kupayuka. Aliimba majina ya vituo. Namanyere, Kipili, Wampembe, Matai, Mwazye, kila mahali alipapa sauti yake. Watu waliokuja kusafiri walisahau kupanda, wakasimama kumsikiliza huku magari yakiondoka nusu tupu. Kilichomwondoa hasa ni mzee mmoja aliyekuwa anakwenda Namanyere kwa mwanawe, akapanda gari la Wampembe. Alipoulizwa njiani kwa nini, alisema amesikia Wampembe ikiimbwa akaona ni aibu kufa bila kupaona. Wenye magari waligombana, na Mwimbaji akaambiwa akapumzike.

"Yule mzee alinishukuru," alinisimulia. "Alikaa Wampembe wiki nzima akila samaki. Mwanawe ndiye aliyelalamika."

Sitaki mtu adhani alikuwa mtu wa kuchekesha tu, au mtu rahisi. Alikuwa mgumu. Alikuwa na mambo yake mengi yasiyopatana, na ukimwonyesha kwamba hayapatani alikuangalia kana kwamba wewe ndiye mwenye matatizo.

Kanisani, kwa mfano, hakukosa misa. Alikaa mbele kabisa, nguo zake zimepigwa pasi, na hakufungua mdomo. Wenzake wakiimba yeye alitazama mbele. Padre alipomwuliza kulikoni, alimjibu, "Baba, huku nakuja kusikiliza. Yeye ananisikiliza siku nyingine zote." Lakini kwenye misiba aliimba bila kuombwa, ya Wakristo na ya Waislamu. Siku tuliyomzika mama yangu alisimama ng'ambo ya barabara, mbali na waliokuwa wanasoma dua, akaimba taratibu kwa Kifipa mpaka jeneza likapita. Mjomba wangu alikunja uso. Mimi nilimwambia mjomba amwache aimbe.

Alidharau simu na kila kilichorekodiwa. Vijana wenye studio ndogo nyuma ya soko walimfuata kwa muda mrefu. "Mama, mambo?" walimwambia. Aliwajibu, "Shikamoo haijafa," wakasalimu upya vizuri, na kwa kuwa walisalimu vizuri alikubali kwenda. Walimwekea midundo nyuma na mwangwi kwenye sauti. Walipompigia asikilize, aliuliza, "Huyu mama mbona mmemfungia chooni?" Wimbo ule ulizunguka kwenye simu za mji mzima, na yeye aliukana kila alipousikia. Lakini mchana duka likiwa tulivu alikuja, akakaa karibu yangu, akasema kana kwamba hajali, "Hebu mwite yule wa chooni." Nikaupiga. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na pale kwenye sauti ya juu, kila mara, alitikisa kidole kidogo cha mguu ndani ya kandambili.

Sasa niseme habari ya shamba.

Hii ilikuwa baada ya stendi na kabla ya mashine. Kulikuwa na shamba kubwa la mahindi na maharage nje ya mji, mwenyewe akiishi mbali, akiwa amemweka msimamizi. Wakati wa palizi walichukua vibarua wengi, wanawake hasa. Msimamizi hakuwa mjinga. Alijua kwamba kwenye vijiji vya Ufipa watu wakilima pamoja wanaimba, na kwamba mwimbaji mzuri akikaa mbele ya mstari majembe yanakwenda pamoja na kazi inasonga. Akamwita Mwimbaji, akampa kazi ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada: asishike jembe, atembee mbele ya wapalizi na kuimba. Tu. Kuimba kutwa na kulipwa.

Mji ulifurahi kana kwamba tumeozesha binti. Hatimaye, watu walisema. Hatimaye kazi inayomfaa. Hata mimi nilimkatia doti ya khanga na kumpelekea. Naye alifurahi, sitaficha. Wiki za kwanza alirudi jioni uso unang'aa, vumbi jekundu magotini, akasema, "Binti wa dukani, leo tumekwenda kama maji."

Halafu akaanza kurudi kimya.

Nilimwuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Baadaye akasema, "Anataka wa haraka. Kila siku anataka wa haraka kuliko wa jana." Alisema yeye akiimba haraka, mikono ya wale wanawake inakwenda haraka bila wao kuamua. "Naangalia nyuma naona wanahema. Nikiangalia mbele naendelea kuimba." Hakusema zaidi, na mimi sikuelewa uzito wake. Nilidhani ni uchovu.

Nilielewa siku nilipokwenda shambani mwenyewe na robota la vitenge, maana vibarua walikuwa na kawaida ya kununua wakati wa mapumziko. Nilifika mapema, nikakaa ukingoni kusubiri. Jua lilikuwa kali, lile jua la Januari kati ya mvua mbili. Mstari wa wanawake ulikuwa umeinama, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na mbele yao Mwimbaji anatembea kinyumenyume, uso wake kwao, akiimba. Wimbo ulikuwa wa kasi. Ulikuwa mzuri sana, mpaka mguu wangu ukaanza kucheza peke yake.

Mwanamke mmoja kijana alikuwa amebaki nyuma. Mtoto wake mchanga alikuwa ameachwa ukingoni karibu nami, amelazwa kwenye khanga, analia, akitazamwa na bibi mmoja aliyekuja na mama huyo. Gauni la yule kijana lilikuwa limelowa maziwa kifuani. Aliinuka, akamwomba msimamizi aende kunyonyesha. Msimamizi akamwambia amalize mstari kwanza. Akainama tena. Msimamizi akamgeukia Mwimbaji na kuzungusha mkono hewani: ongeza.

Mwimbaji aliongeza ubeti mmoja. Kisha akasimama. Sikumwona akifikiri, wala sikuona hasira. Alisimama tu, akavuta pumzi, akaanza wimbo mwingine.

Ulikuwa wa polepole kupita kiasi. Ulikuwa wa Kifipa, na maneno yake kwa Kiswahili ni kama haya: taratibu jembe langu, ardhi haihami; taratibu jembe langu, jua ndilo lenye haraka. Majembe yaliyokuwa yamepanda yalikaa juu, yakingoja. Yakashuka polepole. Yakakaa chini, yakingoja. Mstari mzima ulipungua kasi, kama lori linavyoshushwa gia mlimani, na baadhi ya wanawake, naapa, walianza kutabasamu huku wameinama.

Msimamizi alikuja kwa hatua ndefu. "Mama, wimbo gani huo?"

"Wa palizi."

"Wa palizi au wa msiba?"

"Inategemea unamwimbia nani."

"Nakulipa uimbe."

"Si ndiyo naimba?"

"Imba wa haraka!"

"Wa haraka umeniishia," alisema, kwa upole kabisa, kama anavyosema muuza sukari kwamba sukari imekwisha.

Msimamizi akamwambia, basi anyamaze. Akanyamaza. Alimfuata yule mama kijana, akalichukua jembe mkononi mwake, akamwambia, "Nenda kamnyonyeshe mtoto." Kisha akaingia kwenye nafasi yake, akainama, akaanza kupalilia. Hakuimba. Alikuwa ameambiwa anyamaze, akatii.

Lakini wimbo haukunyamaza. Mwanamke mmoja aliuendeleza, wa pili akauitikia, na ukapita mstari mzima, taratibu jembe langu, ardhi haihami. Msimamizi alipiga kelele kwamba wote wanyamaze. Aliyekuwa karibu naye alinyamaza, wa mbali akaendelea. Akienda kwa wa mbali, wa karibu wanaanza. Alizunguka mara kadhaa namna hiyo, kisha akatoa simu na kumpigia mwenye shamba.

Jioni ile Mwimbaji aliambiwa asirudi. Tulirudi mjini pamoja kwa miguu, mimi na robota langu ambalo halijauzwa. Nilidhani atalia, nikatafuta maneno ya kumfariji.

"Pole, mama. Kazi nzuri kama ile."

Alisimama njiani. "Ilikuwa nzuri. Ndiyo ilikuwa mbaya." Akatembea kidogo. "Mtu akinifanya nibebe mawe, nabeba. Mgongo ni wangu, utauma wangu. Lakini kunifanya niwe fimbo! Fimbo tamu, ya kuwachapa watu wanaonipenda!" Alitema mate pembeni. "Hapana. Sitaki. Wakanitafutie kazi nyingine."

Siku mbili tatu baadaye msimamizi alileta gari lenye spika kubwa, akapiga muziki wa dansi shambani ili kuziba pengo. Wanawake walipalilia polepole vile vile, kinyume na mdundo, na walioniambia walisema haikuwa rahisi, ilibidi wahesabu kimoyomoyo. Kabla palizi haijaisha mwenye shamba mwenyewe alikuja. Wakapewa saa ya kupumzika mchana, na wenye watoto wakaruhusiwa kwenda kunyonyesha bila kumwomba mtu.

Ingekuwa vizuri niishie hapo, lakini haikuishia hapo. Msimu uliofuata wanawake wachache hawakuchukuliwa tena, wale waliosikika zaidi. Mmoja wao alikuja mashineni, Mwimbaji akiwa ameshaanza kazi ya kusaga, akamsema mbele ya foleni nzima. Alimwambia yeye hana watoto wadogo, hana anayemtegemea, kwa hiyo ni rahisi kwake kufanya ushujaa kwa njaa ya wengine. Mwimbaji aliizima mashine ili amsikie vizuri. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Una haki," alimjibu.

"Basi sema pole!"

"Pole kwa kazi. Kwa wimbo siwezi kukupa pole."

Yule mama aliondoka na hasira, na mpaka leo nadhani hajamsamehe. Mimi mwenyewe sikulala vizuri siku ile nikijiuliza nani kati yao alikuwa sahihi. Lakini nikimkumbuka yule kijana na gauni lake lililolowa, jibu langu halichelewi.

Wapo waliosema kwamba kwenye mashine alijificha. Niliwahi kumwuliza kwa nini alichagua kazi yenye kelele kuliko zote Sumbawanga, yeye mwenye sauti ile. Alinijibu akiwa anakung'uta kilemba. "Pale ndani naimba kutwa. Hakuna anayesikia, kwa hiyo hakuna anayeniambia nipunguze au niongeze." Baada ya hapo nilianza kuweka sikio kwenye ukuta wetu. Kweli alikuwa anaimba. Chini ya ngurumo ile, ukizoea, ulisikia kitu chembamba kikipita, kikipanda na kushuka. Wateja wangu waliniona nimeegemea ukuta wakadhani kichwa kinaniuma.

Unga ndio uliomwumiza. Alianza kukohoa, akasema ni baridi ya Juni, ile baridi yetu ya upepo inayokufanya uvae koti juu ya koti. Juni ikapita, kikohozi kikabaki. Sauti ikaanza kukatika. Hospitali walimwambia aache mashine na asitumie sauti kabisa kwa muda. Binti yake, aliyeolewa Kipili kwenye ziwa, alikuja kumchukua. Siku ya kuondoka alipanda gari bila kusema neno kwa sababu alikuwa amekatazwa kusema. Alinishika tu mkono, akaubana mpaka pete ikaniumiza. Mwenye mashine aliweka kijana mwingine, anayesaga vizuri na kwa uangalifu, amefunga kitambaa puani. Watu wakasema, basi, ndiyo imeisha hiyo. Wakaanza kumzungumzia kwa sauti ile ya kuzungumzia marehemu: angalikuwa na kazi ya maana, angalipata mtu wa kumshika mkono.

Kiangazi cha mwaka huu kaka yangu alikuwa anakwenda Kipili kuchukua magunia ya dagaa. Nilifunga duka, nikapanda naye.

Nilimkuta ufukweni na wanawake wengine, kila mmoja na fagio lake, wakiwageuza dagaa walioanikwa mchangani. Ziwa lilikuwa linameremeta mpaka nikafumba macho. Alikuwa amekonda na kukomaa rangi, gauni limefungwa kiunoni, na mikono yake iking'aa magamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti wa dukani."

Nilishtuka, nikajaribu kuficha. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, kama bati linaloburuzwa kwenye saruji. Aliniona nikishtuka, akacheka, na kicheko nacho kilikwaruza.

Nilimwuliza habari ya matibabu. Alisema alinyamaza kama alivyoambiwa, miezi, akizungumza kwa mikono mpaka wajukuu wakajua lugha yake. Binti yake alifurahi. Kisha siku moja akiwa anageuza dagaa aligundua ameanza kusahau. Si maneno, alisema, maneno yote yalikuwepo. Alikuwa anasahau mahali pa kuvutia pumzi. "Nikasema, hapana. Hiyo siitoi."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema nitaiharibu. Nikamwambia nimekuja nayo mimi, nitaondoka nayo mimi."

Mwanamke mmoja kijana aliyekuwa karibu aliinua kichwa, akanisalimu, akasema kwa utani, "Dada, afadhali umekuja. Mwambie bibi yako apumzike. Kutwa anatukwaruza masikio na Kifipa chake. Bibi, sauti imekwisha hiyo, kubali!" Wenzake wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Hawakuwahi kumsikia zamani, na mimi nilitaka kuwaambia, nilitaka kutoa simu na kuwapigia ule wimbo wa studio wajue wanamcheka nani. Aliuona mkono wangu ukienda kwenye mkoba, akanishika.

"Acha," alisema. Akawageukia. "Kweli, ile nzuri imekwisha. Ile kila mtu alikuwa na mahali pa kuipeleka. Hii hakuna anayeitaka." Akalishika fagio vizuri. "Kwa hiyo hii ni yangu."

Akaimba. Sitadanganya kwamba ilikuwa nzuri. Pale chini ilikuwa pumzi zaidi kuliko sauti, na ilipofika mahali pa kupanda ilikatika. Angeweza kuuzunguka mlima ule; waimbaji wote wazee wanajua kupita pembeni. Hakupita. Alirudi akaupanda tena, ikakatika tena pale pale, na yeye akaendelea na ubeti kana kwamba ndivyo ulivyotungwa. Wale kina dada walicheka mpaka wakashikana mabega. Fagio lake lilikwenda na kurudi, dagaa wakigeuka upande wa fedha.

Kaka yangu alikuwa amemaliza kupakia. Alipiga honi. Nilimuaga Mwimbaji kwa mkono, naye akaniitikia kwa kichwa bila kukatisha wimbo. Kaka akapiga honi tena, ndefu, ile ya mtu mwenye safari ya kupanda milima kabla giza halijaingia.

Yeye akalitupia lori jicho, akavuta pumzi, na kuanza ubeti ule upya kutoka mwanzo.